Kliniki Inamsahau Mama Anapomaliza Kuzaa

Katika mazishi mengi ya wanawake hapa Kakamega kuna sentensi ambayo msoma wasifu huipita mbio: marehemu aliugua kwa muda mrefu. Baada yake hufuata majina ya watoto na wajukuu, kanisa alilotumikia, chama alichokuwa mwekahazina wake, mwaka aliobatizwa na mwaka alioolewa. Kila kitu hutajwa isipokuwa ugonjwa. Jina lake hubaki nyuma ya hema, kule wanawake wanakopika, na hata huko hutamkwa kwa sauti ya chini: ni saratani, ile ya huku chini. Halafu huja maneno mengine. Kwamba labda marehemu hakuwa ametulia ujanani. Kwamba mumewe ndiye aliyemletea. Kwamba kuna mtu alimroga kwa ajili ya shamba.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya mlango wa kizazi, na ningependa tuzoee kuutaja mchana, mbele ya watu. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, wanawake zaidi ya 5,200 wa Kenya walipatikana nao mwaka 2020, na zaidi ya 3,200 wakafa. Saratani ya matiti huwapata wanawake wengi zaidi nchini, lakini mwaka huo hii ndiyo iliyowaua wengi kuliko nyingine yoyote. Duniani kote iliua wanawake wapatao 350,000 mwaka 2022, na 94 kati ya kila 100 walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Takwimu hiyo ya mwisho inaniuma. Ugonjwa unaowachagua maskini kwa kiasi hicho hauwezi kuitwa bahati mbaya. Kuna mataifa yaliyokwisha kuujulia, na sisi bado tunaufanyia mchango wa jeneza.

Asili yake ni kirusi kiitwacho HPV, na jambo la kwanza la kujua kukihusu ni kwamba kiko kila mahali. Kuna aina zaidi ya 200. Baadhi huota chunjua za mikononi na miguuni, na sijasikia mtu aliyetengwa na jamaa zake kwa kuota chunjua. Aina zipatazo 40 hukaa sehemu za siri, na kati ya hizo kama 14 ndizo zinazoweza kuleta saratani. Hupita ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana, ndiyo maana kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza. Watu wengi mno, wanaume kwa wanawake, hupata angalau aina moja katika miaka michache ya kwanza tangu waanze mapenzi. Mwanamke aliyeolewa bikira, asiyewahi kumjua mwanamume mwingine, anaweza kuwa nacho. Mume naye anaweza kukileta ndoani bila kujua, kwa kuwa kwa kawaida hakimwonyeshi dalili yoyote, na huenda alikipata miaka mingi kabla ya kwenda kuposa.

Basi anayeuliza marehemu alikipata wapi, ajibiwe kwamba alikipata huko huko ambako karibu sote tumekipata. Silipiti jambo hili haraka, kwa maana aibu yote inayouzunguka ugonjwa huu imesimama juu ya dhana kwamba kirusi ni cha watu wa tabia fulani. Wapenzi wengi huongeza uwezekano, hilo ni kweli. Lakini mmoja anatosha, na hakuna daktari anayeweza kusoma mwenendo wa mtu kwenye mlango wa kizazi.

Sasa, ikiwa kirusi ni cha wote, mbona saratani si ya wote? Kwa sababu mara nyingi mwili hukishinda. Kati ya wanawake 10 wanaokipata, takriban 9 huwa wamekiondoa ndani ya miaka miwili hivi, bila dawa, na bila kujua kwamba walikuwa nacho. Kwa wachache waliobaki, hukaa. Huwa kimeingia kupitia mikwaruzo midogo isiyoonekana na kufika kwenye seli za tabaka la chini kabisa la ngozi laini, hasa pale ngozi ya nje ya mlango wa kizazi inapokutana na ngozi ya ndani, mahali ambapo seli hazitulii tangu msichana abaleghe. Hakiingii katika damu. Hakileti homa wala uvimbe wa kuuma. Kinga ya mwili haipati fununu kwamba kuna mgeni. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo hodari zaidi wa kujificha hivyo, na hizo peke yazo husababisha kama asilimia 70 ya saratani hizi duniani.

Kinachofuata kimechunguzwa kwa undani. Seli nzima ina protini zinazoizuia kugawanyika ovyo. Moja huizuia isianze kugawanyika kabla ya wakati wake. Nyingine huikagua na kuiamuru ife ikiwa imeharibika. Kirusi nacho kina protini mbili ambazo wanasayansi huziita E6 na E7, na kila moja humshughulikia mlinzi wake. Seli iliyopoteza walinzi wote wawili huendelea kuzaana pamoja na makosa yake, mwaka baada ya mwaka, kosa likipandana juu ya kosa, hadi siku moja huwa saratani.

Mkulima wa Butere au Matungu analijua gugu la kayongo. Hushika mizizi ya mahindi chini ya udongo na kunyonya wiki nyingi kabla halijachomoza. Ukiona maua yake ya zambarau, mahindi yameshadumaa. Damu anayoiona mwanamke baada ya kulala na mumewe, au katikati ya mwezi, au miaka mingi baada ya hedhi kukoma, mara nyingi ndiyo hayo maua. Lakini kayongo humaliza kazi katika msimu mmoja. Kirusi hiki, kwa mwanamke mwenye kinga imara, huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi bila matibabu huchukua miaka 5 hadi 10, na kwa jumla wanawake wenye virusi hivyo wako katika hatari mara sita zaidi ya wenzao. Katika miaka yote hiyo, seli zinazobadilika huonekana zikitafutwa, na huondolewa kwa dakika chache, mama akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ni ugonjwa gani mwingine unaotupa nafasi ndefu namna hii?

Maarifa haya si ya jana. Katika miaka ya 1970 wataalamu wengi waliamini kwamba mkosaji ni kirusi cha malengelenge. Harald zur Hausen, mtafiti Mjerumani, aling'ang'ania kwamba ni virusi vya chunjua, na alipingwa kwa muda mrefu. Mwaka 1983 yeye na wenzake wakaipata aina ya 16 ndani ya vipande vya saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka uliofuata wakaipata ya 18. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2008. Aina hiyo ya 18 ilikutwa pia katika seli za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki Baltimore Oktoba 1951 akiwa na miaka 31. Ugonjwa wake uligunduliwa miezi michache tu baada ya kujifungua mtoto wake wa tano. Seli zake zilichukuliwa bila idhini yake, na hadi leo zinakuzwa katika maabara za dunia nzima. Zimesaidia kutengeneza dawa na chanjo zisizohesabika. Kila ninapokumbuka habari zake nafikiria umri ule na wale watoto watano, kwa sababu huyo ni mama ninayeweza kukutana naye Jumatano yoyote kwenye foleni ya kliniki hapa kwetu.

Na hapa ndipo penye neno langu. Mchukue mwanamke wa Navakholo mwenye miaka 21 na mimba ya kwanza. Anaenda kliniki. Anapimwa shinikizo, damu na Ukimwi, anapewa chandarua na kijitabu chake. Akijifungua, anarudi na mtoto kupimwa uzani na kuchanjwa, tena na tena, hadi chanjo ya pili ya surua mtoto akiwa na miezi 18. Mimba ya pili huja, na ya tatu, na pengine ya nne. Kwa miaka 10 hivi muuguzi anamjua kwa jina. Anajua ni mke wa nani, anakaa upande gani wa mto, na ni mtoto yupi aliyezaliwa kwa upasuaji. Kisha mtoto wa mwisho anamaliza chanjo zake, mama ana miaka 31 au 32, na kijitabu kinawekwa juu ya kabati. Kuanzia siku hiyo hakuna anayemwita. Atarudi hospitalini kumpeleka mtu mwingine, au atarudi akiwa anavuja damu, na ana miaka 47.

Mwongozo wa kitaifa wa kupima saratani, uliotolewa mwaka 2018, unasema mwanamke wa miaka 30 hadi 49 apimwe kirusi cha HPV kila baada ya miaka mitano, na pasipo na kipimo hicho mlango wa kizazi uchunguzwe kwa siki kila baada ya miaka mitatu. Sababu iko wazi. Kabla ya miaka 30 maambukizi mengi ni ya kupita. Baada ya hapo yaliyobaki ndiyo ya kuogopwa. Yaani tunamwachilia mwanamke mwaka ule ule ambao tulipaswa kumshika. Mfumo wetu wa afya ulijengwa kumwangalia kama njia ya mtoto kuja duniani, na mtoto akishafika salama, mfumo huona kazi imekwisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wa miaka 30 hadi 49, takriban 16 tu ndio waliowahi kupimwa saratani hii hata mara moja.

Anayeishi na virusi vya Ukimwi, kwa upande wake, ana kliniki inayomwita, na mwongozo unataka apimwe mara nyingi zaidi. Jirani yake asiye na virusi hana anayemwita. Tumethibitisha basi kwamba tunaweza kumfuatilia mwanamke mtu mzima kwa miaka mingi, kumjua, kumkumbusha, kumtafuta akikosa. Tulilazimika kujifunza hivyo kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Ustadi tunao, na wauguzi walioupata ni hawa hawa.

Kipimo cha siki ni rahisi kiasi cha kustaajabisha. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, na sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Sehemu hiyo huweza kugandishwa kwa gesi baridi, au kuunguzwa kidogo kwa kifaa cha mkononi kinachotumia betri, ambacho hakihitaji mtungi wowote wa gesi kupandishwa na boda boda hadi zahanati ya Ikolomani. Udhaifu wa kipimo cha siki ni kwamba kinategemea sana jicho la anayepima, na kinamtaka mwanamke apande kitandani akae wazi.

Hilo la mwisho si dogo, na wanaopanga mipango mjini hulichukulia kama ujinga wa kuondolewa kwa mabango. Mimi silioni hivyo. Mama wa miaka 45 huko Shinyalu akifika kituoni anaweza kukuta zamu ni ya kijana aliyekua akicheza na mwanawe. Anaweza kukuta ni mkwe wake, mume wa bintiye, ambaye kwa desturi zetu hawapeani hata mkono. Atafanya nini? Atasema kichwa kinamuuma, atachukua tembe na kurudi nyumbani. Heshima iliyomzuia ndiyo tuliyomfundisha tangu utotoni, na hatuwezi kumlaumu kwa kuitunza.

Kipimo cha HPV chenyewe huondoa kizuizi hicho. Mwanamke hupewa kijiti chenye brashi laini, huingia chooni au chumbani kwake, hujichukulia sampuli na kukirudisha ndani ya kichupa. Hakuna anayemtazama. Mashine za GeneXpert, ambazo hospitali zetu za umma zimezoea kupimia kifua kikuu, zinaweza kukisoma. Kinachohitajika ni vibweta vya kipimo hicho, na vibweta vinahitaji fedha kila mwaka, si mwaka wa ufadhili peke yake.

Wenzetu wa Migori wametutangulia kujaribu. Watafiti walizigawa jamii 12 za kaunti hiyo: katika nusu, wanawake walialikwa kujichukulia sampuli katika kambi za afya vijijini, na katika nusu nyingine walialikwa kufanya hivyo katika vituo vya afya. Kambi za vijijini ziliwafikia wanawake 60 kati ya 100. Vituo vilifikia 37. Ila somo kubwa zaidi lilikuja baadaye. Kati ya waliokutwa na kirusi, chini ya nusu ndio waliofika kupata matibabu. Nauli, shughuli za shamba, mume asiyekubali, hofu ya jibu lenyewe: kila hatua iliyoongezwa kati ya kipimo na tiba iliwadondosha wanawake. Ukimwambia mtu ana kirusi kisha ukamwelekeza hospitali ya mbali arudi mwezi ujao, umempa mzigo wa hofu na kumwacha nao. Afadhali kile kifaa cha betri kimfuate kijijini siku ya majibu.

Kakamega ina historia yake ya kuwafuata wanawake, na naitaja kwa fahari. Mwaka 2013, serikali ya kwanza ya kaunti chini ya Gavana Wycliffe Oparanya ilianzisha mpango ambao wengi waliuita Oparanya Care, uliokuwa ukiwapa akina mama wasiojiweza shilingi 2,000 kwa awamu sita, jumla 12,000, ili wahudhurie kliniki, wajifungulie hospitalini na kuwakamilishia watoto chanjo. Mpango ulikuwa na matatizo yake ya malipo kuchelewa, na wapo waliolalamika kwa haki. Lakini wanawake waliitikia. Ulionyesha kwamba mama maskini hakosi akili ya kutafuta matibabu. Hukosa nauli na sababu ya kuamini kwamba safari yake haitapotea bure. Ninachoomba ni awamu ya saba. Mtoto wa mwisho akipata chanjo yake ya miezi 18, mama mwenyewe apewe kijiti siku hiyo, na kijitabu kile kile kiendelee kuandikwa jina lake, sasa akiwa mteja wa kliniki kwa haki yake mwenyewe, na tarehe ya kurudi miaka mitano mbele.

Wa kubeba vijiti hivyo wapo. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliopewa mikoba na kutumwa nyumba kwa nyumba kupima shinikizo na sukari. Wengi ni wanawake wa kijiji kile kile. Ningeongeza senje. Katika nyumba za Waluhya ni yeye, dada wa baba, aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia binti mambo ambayo mama mzazi hawezi kuyatamka. Mashirika huja na maigizo na fulana, yakamruka huyo mwenye mamlaka halisi. Senje mmoja aliyekwisha kupimwa, akakaa na mabinti wa ndugu zake jioni moja na kuwaeleza kwamba haikuuma, atafanya kazi ambayo tangazo la redio haliwezi.

Wanaume tusijitoe. Jamii nyingi za Kakamega hutahiri, na huko Rakai, Uganda, utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wanaume waliotahiriwa walipungukiwa na aina hatari za HPV kwa karibu theluthi moja. Uchunguzi uliofuata ukaona kwamba wake zao nao hupungukiwa. Ni nafuu, si kinga kamili. Theluthi mbili bado ipo. Mwanamume anayejiona msafi kwa kuwa alipita jandoni, kisha akamfukuza mke kwa sababu ya damu na harufu ya ugonjwa, anamwadhibu kwa jambo ambalo huenda alimletea mwenyewe bila kujua. Nimeyaona haya yakitokea katika boma za watu wanaoheshimika. Mume wa mgonjwa ana kazi mbili zilizo wazi: atoe nauli, na aandamane naye.

Maana tiba ikichelewa, huwa ghali na huwa mbali. Mwanzoni mwanamke huenda kwa kemisti kununua dawa za maambukizi, kwa kuwa uchafu unaotoka hufanana na wa magonjwa ya zinaa. Dawa hazimsaidii, anabadilishiwa nyingine. Mgongo huanza kuuma, mguu mmoja huvimba, mkojo hupungua kwa kuwa uvimbe umebana mirija ya figo. Hapo upasuaji pekee hautoshi tena. Anahitaji tiba ya mionzi pamoja na dawa za saratani. Kwa miongo mingi hospitali ya umma iliyotoa mionzi nchini ilikuwa moja tu, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta huko Nairobi, karibu kilomita 400 kutoka hapa. Tangu hapo vituo vimeongezeka mikoani, lakini mionzi hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa, na mama asiye na jamaa mjini atalala wapi? Ng'ombe huuzwa, kisha kipande cha shamba. Watoto hutumwa nyumbani kwa karo. Nyumba moja huweza kuanguka kwa ugonjwa ambao ungemalizwa zahanati.

Chanjo dhidi ya HPV ndiyo inayoweza kukata mzizi. Kenya iliijaribu Kitui kuanzia mwaka 2013, na Oktoba 2019 Rais Uhuru Kenyatta akaizindua kitaifa huko Mombasa, kwa wasichana wa miaka 10. Chama cha madaktari Wakatoliki kiliipinga. Waumini wengi walikuwa bado wanakumbuka mwaka 2014, maaskofu walipoitilia shaka chanjo ya pepopunda wakisema inaharibu uzazi, na hofu ile ile ikahamia kwa hii. Katika kaunti ambayo misheni ndizo zilizojenga baadhi ya hospitali na shule zake bora, neno la padri lina uzito, na mzazi aliyesita simwoni kuwa mjinga. Ila aulize kinachoharibu uzazi ni nini hasa. Saratani hii mara nyingi huishia kwa kuondolewa kizazi au kwa mionzi inayoyaua mayai. Chanjo hutolewa mapema kwa sababu haiwezi kukifukuza kirusi kilichokwisha kuingia; lazima itangulie. Haimpi msichana wa miaka 10 ruhusa ya chochote. Rwanda, nchi yenye Wakatoliki wengi, ilianza mwaka 2011 kwa kuwafuata wasichana shuleni, na mwaka huo wa kwanza ikawakamilishia dozi zote zaidi ya 90 kati ya kila 100 waliolengwa. Scotland, iliyoanza mwaka 2008, iliripoti mwaka 2024 kwamba haijapata hata mgonjwa mmoja wa saratani hii kati ya waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13.

Sisi tulipatwa na jambo ambalo halikuwa kosa la mtu. Dozi zilikuwa mbili, zikiachana miezi sita. Aliyechanjwa Oktoba 2019 alipaswa kurudi Aprili 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, na wengi hawakurudi shuleni hadi Januari 2021. Dozi ya pili ikasahauliwa. Mwaka 2022 utafiti wa Wakenya na wenzao uitwao KEN SHE, ambamo Dkt. Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, alikuwa miongoni mwa viongozi, ulitoa matokeo kutoka kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 huko Kisumu, Thika na Nairobi: dozi moja peke yake ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina za 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba dozi moja inatosha. Ushahidi uliobadilisha chanjo ya dunia nzima ulitoka pia Kisumu, mwendo wa saa moja na kitu kutoka mjini Kakamega, na wazazi wengi wa hapa hawajawahi kuambiwa.

Maana yake ni kwamba msichana wa Lugari au Malava aliyepata dozi moja mwaka 2019 asikate tamaa. Anao ulinzi mkubwa. Anayenitia wasiwasi ni mwenzake wa darasa lile lile ambaye hakupata hata hiyo moja, kwa kuwa siku ile hakuwepo, au baba alikataa, au zahanati iliishiwa. Amekwisha kupita umri unaolengwa na chanjo ya serikali. Alikuwa na miaka 10. Atafikisha 30 mwaka 2039. Kilichobaki kumkinga ni kile kijiti, na lazima kuwe na mtu kituoni ambaye kazi yake ni kumpigia simu mwaka huo, awe amezaa au hajazaa.